Kulipa Siku Nisizodaiwa

Jumanne, 2 Aprili 2024

Leo tena sahani ya mchana nimeipeleka chumbani na kufunga mlango. Wali na sombe ya majani ya muhogo. Nimekaa kitandani nikiitazama, tumbo linanguruma. Nikasubiri muda ambao mtu angekula, halafu nikamwaga chakula chote dirishani. Kuku wakaja mbio. Nikatoka na sahani tupu huku najipangusa midomo.

Watu Ramadhani hujificha kula. Mimi najificha kufunga!

Sababu ni moja tu: Rachida. Mke mwenzangu alipata siku zake mwanzoni mwa mwezi, akawa anakula mchana jikoni bila wasiwasi, akasema atazilipa baada ya Idd. Kila mtu alimwona. Sasa mimi nikifunga mwezi mzima bila kuruka hata siku moja, wanawake wa nyumba hii watahesabu vidole vyao na kuelewa. Mama Nourdine amekoma. Mama Nourdine amekwisha. Kweli nimekoma, tangu mpunga wa mwaka jana haujavunwa sijaona kitu. Lakini hilo ni langu.

Kwa hiyo nami nina "siku zangu". Swala naswali kwa kunong'ona, mlango umefungwa. Mungu simfichi, Yeye anajua yote. Ninayemficha ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, na mume wetu.

Jumamosi, 6 Aprili

Nguo za Idd zimejaa mezani, cherehani haipumziki. Kanzu za watoto, magauni ya vitambaa vya vikwembe, watu wote wanataka yao leo. Na mimi nimeharibu kanzu ya mtu.

Nimezoea kukata uzi kwa meno. Tangu nikiwa msichana nashona hivyo, mkasi unapoteza muda. Leo nimeuma uzi kwenye kola, nikavuta — tone la damu juu ya kitambaa cheupe. Nikafikiri nimejichoma sindano. Nikatazama vidole, vizima. Damu ilikuwa inatoka mdomoni.

Nimefua kola kwa chumvi na sabuni, imebaki alama ya kahawia. Nimeigeuza ndani, nimeshona upya. Mwenye kanzu hatajua.

Fizi zangu zimevimba juu ya meno ya mbele. Zinang'aa. Na kinywa kikavu sana, hata usiku baada ya kunywa maji. Nilidhani ni saumu.

Jumatano, 10 Aprili — Idd

Pilau mbili, yangu na ya Rachida. Mume wetu Mahamudu akala kwenye sinia zote mbili kwa haki, kijiko huku, kijiko huku. Wageni walisifu ya Rachida. Ilikuwa na mafuta mengi tu.

Baada ya kula akasema neno lake. Amepata nyumba yenye depo Salamabila, karibu na barabara wanayopita wachimba dhahabu. Amechoka kupeleka bidhaa na kurudi. Viatu, sabuni, betri, vikwembe, vyote vitakaa kule, naye atakaa kule. Hapa Kasongo atakuja mara moja moja. Na atahitaji mke mmoja wa kuishi naye. Mwingine atabaki kutunza nyumba.

Kutunza nyumba! Najua maana yake. Nimewaona wanawake waliobaki kutunza nyumba. Wanafagia uani, wanatumiwa salamu kwenye simu, na kila Idd wanaambiwa mwakani.

Nikasema mimi nashona, na kule wake za wachimbaji wanataka nguo nzuri kila wiki. Nimesema kwa sauti ya kawaida, nikikusanya sahani. Rachida alicheka tu. Anacheka akitupa kichwa nyuma, na meno yote yanaonekana mpaka magego. Mahamudu akamtazama kinywani. Nilimwona. Mimi sasa nikicheka naweka kiganja mdomoni, na sijui nilianza lini.

Mahamudu amesema atafikiri, haraka hana. Nataka kwenda mimi. Nimekaa na mwanamume huyu tangu alipokuwa anabeba chumvi kwa baiskeli mpaka Nyangwe. Kama kuna nyumba mpya, niifungue mimi.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimeanza kulipa. Ndiyo, kulipa! Siku ambazo sikula. Haiwezekani mtu aliyekula mbele ya watu (kuku ndio waliokula, lakini nani anajua) akae tu bila kulipa.

Rachida naye ameanza leo; atalipa moja moja, si mfululizo, nami vivyo hivyo. Tulikutana kisimani alfajiri, akaniambia vizuri, kama mdogo kwa dada yake mkubwa, "Yaya, tufunge pamoja, siku zitapita mbio." Jioni tukafuturu kwenye mkeka mmoja, uji na tende alizonunua yeye. Mtu angepita angesema wake wenza wanapendana.

Niliona wivu wa ajabu. Si wa chakula wala wa mume. Nilimwonea wivu kwa sababu anadaiwa.

Ijumaa, 19 Aprili

Zamu yangu ilikuwa jana na juzi. Mahamudu alilala akiwa amegeukia ukuta. Asubuhi nikamsogezea chai, nikainama kumwambia jambo la Nourdine, mtoto wetu anayesoma Kindu, kwamba anaomba viatu. Akarudisha kichwa nyuma kidogo. Kidogo tu, kama mtu aliyepitiwa na nzi.

"Mama Nourdine, kinywa yako iko na nini siku hizi?"

Nikasema ni saumu. Akasema Rachida naye iko anafunga. Halafu akanywa chai yake.

Nimesugua meno mpaka mate yakawa mekundu. Nimetafuna karafuu, nimetafuna majani ya mpera. Harufu nayo ipo, nimeweka mkono mbele ya mdomo nikapumua, nimeisikia. Kama mtungi ambamo maji yamesahauliwa.

Na leo ni zamu ya Rachida. Nawasikia wanacheka tangu saa kumi na moja ya jioni.

Alhamisi, 25 Aprili

Wifi Binti amekuja, dada yake Mahamudu. Huyu mama macho yake hayatulii. Ameanza na kuku: kuku wenu namna gani wamenona hivi, tangu Ramadhani, munawapa nini? Nikasema pumba. Akasema pumba ya kwenu iko na sombe? Ameona majani makavu chini ya dirisha langu! Nikajibu mtoto wa jirani anatupa taka. Jasho limenitoka mpaka mgongoni, ingawa jasho sasa hunitoka hata bila sababu.

Akaniangalia ninavyoongea. Akasema fungua kinywa. Nikafungua. Akapiga kofi mapaja yake.

"Hii haiko ugonjwa. Mutu anakukausha. Muswaki yako unaweka wapi?"

Nikasema bafuni, kwenye kopo moja na wa Rachida. Wifi alinyanyua nyusi tu, akaenda jikoni kumsalimia Rachida kwa sauti tamu.

Nimekaa nikifikiri. Mswaki wangu na wake, kopo moja, mwaka wa tano sasa. Nani anajua anapaka nini. Tangu aje nyumba hii ndipo fizi — hapana, si kweli, alikuja kabla. Lakini tangu aliposikia habari ya Salamabila? Hapana, damu ilianza kabla ya Idd. Basi labda alisikia mapema, kitandani. Wanaume husema mambo yao kitandani.

Mswaki nimeuchukua. Nimeufunga kwenye leso, nimeuweka ndani ya blauzi.

Jumapili, 5 Mei

Rachida amepata muwa kutoka kwao. Amekaa kizingitini anaumenya kwa meno. Anauma, anavuta ganda refu, anatema, anatafuna, maji yanamtiririka kidevuni. Saumu yake alishafuturu, jua lilikuwa limezama, sina la kusema.

"Yaya, kuya ule. Iko tamu sana."

Nikachukua kipande, sikutaka aone. Nikauma. Jino la mbele la chini likacheza. Nimelihisi likiinama na kurudi, kama msumari kwenye ubao mbovu. Nikameza mate na damu, nikatabasamu, nikasema nimeshiba.

Halafu akaniuliza mswaki wangu uko wapi, hauoni kwenye kopo. Kwa nini autafute? Nikamjibu kwa ukali, nikamwambia atafute wake. Akashangaa. Akasema alitaka tu kuosha kopo. Mahamudu alisikia, akaniita, akanisema mbele yake. Eti mimi ni mkubwa, nionyeshe mfano.

Nimelia chooni. Niliporudi chumbani nikajitazama kwenye kioo kidogo kilicho juu ya cherehani. Meno yangu yamekuwa marefu! Fizi zinapanda, meno yanabaki. Nimezeeka kuanzia mdomoni.

Jumanne, 14 Mei

Leo nimefurahi. Niandike ukweli, hapa hakuna mtu.

Asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba nachukua makala, makaa ya jikoni. Rachida alikuwa ukutani anapiga mswaki, hakuniona. Akatema. Nyekundu. Akatema tena, nyekundu. Akaangalia huku na huku, akasukuma udongo kwa kidole cha mguu, akafunika.

Udongo! Ndivyo ninavyofanya mimi!

Kwa hiyo hata yeye. Meno yake yale, kicheko chake kile. Nimebeba makala nikiimba. Mchana nimemwona amelala, uso umevimba, mafuta ya mawese yakiwa motoni anatoka nje akishika pua. Saumu inamshinda. Nimempikia uji mzito wa kufuturu, nimetia karanga. Amesema asante yaya, ana haya. Niliona raha kumhurumia. Muda mrefu sijapata nafasi hiyo.

Nikawaza pia: basi hakunifanyia kitu. Mtu hajirogi mwenyewe. Nimetoa mswaki kwenye blauzi, lakini kwenye kopo sijaurudisha.

Alhamisi, 16 Mei

Andika yote, taratibu.

Jana ufizi wa chini ulitoa usaha. Maumivu mpaka sikioni. Nimeamka leo nimekwenda kwenye kituo cha afya, kwa Léocadie, muuguzi anayeshughulikia meno. Ni mama wa Kabambare, Mkristo, wa umri wangu hivi, maneno yake mafupi. Nilidhani atang'oa na kunirudisha nyumbani.

Hakung'oa. Akavaa glavu, akainua mdomo wangu wa juu, wa chini, akapitisha chuma chembamba kati ya jino na ufizi, akanipa kioo nitazame. Chini ya ufizi kuna ukoga mgumu, rangi ya kutu. Akasema huo umekaa miaka mingi, nami nasugua juu tu tena kwa nguvu, najichubua. Akapima sukari ya damu, akasema ugonjwa huo sina. Halafu, huku bado ameshika chuma chake:

"Mama, mwezi unaona bado?"

Nikatazama dari. Akauliza tena. Nikasema hapana. Tangu mwaka jana. Ni mara ya kwanza namwambia mtu, na nilimwambia nikiwa nimefunguliwa kinywa kama ng'ombe mnadani.

Akasema ndiyo maana. Neno lake ni menopozi. Mwili ukiacha mwezi, kuna kitu kinapungua ndani, na kitu hicho ndicho kilichokuwa kinanenepesha ufizi na kutunza mfupa unaoshika meno. Mate pia hupungua. Kinywa kikikauka, vijidudu hufurahi. Ukoga ambao zamani mwili uliuvumilia, sasa hauvumilii. Joto la ghafla, jasho, usingizi wa kukatika, yote ya safari moja. Nikamuuliza pole pole kama mtu anaweza kuwekewa kitu kwenye mswaki. Akanitazama.

"Nani alikuambia ile? Wanawake wengi iko wanakuya hapa na ile maneno. Meno yanalegea, wanashika mukemwenza, wanashika jirani. Miye mwenyewe fizi zangu zilitoka damu, na sina mukemwenza."

Akanipa kikombe cha maji nisukutue na ninywe. Nikakataa. Nikasema nimefunga.

"Ramadani si iliisha?"

"Ninalipa siku."

Akaweka kikombe chini. Mtu aliyeishi Kasongo miaka yote hiyo anajua mambo yetu. "Siku gani unalipa, mama, kama mwezi hauone tena?"

Nilitamani sakafu inimeze. Hakucheka, namshukuru kwa hilo. Alisema tu kwamba kinywa kikavu kama changu ndicho cha mwisho kinachofaa kufungwa bila sababu, na kwamba Mungu wangu ananihitaji na meno yangu. Nikanywa. Maji ya kikombe cha bati, saa nne ya asubuhi. Matamu kuliko pilau ya Idd.

Akasafisha upande mmoja leo, iliuma sana, nilishika kiti kwa mikono miwili. Upande mwingine wiki ijayo. Mswaki laini, kuupitisha pole pole pale ufizi unapoanzia, asubuhi na kabla ya kulala. Maji ya chumvi ya uvuguvugu. Kunywa maji mara kwa mara. Jino linalocheza anasema labda litakaa, labda halitakaa, hanidanganyi.

Nilikuwa mlangoni. Wivu ukanirudisha. Nikauliza: na mwanamke wa miaka thelathini na moja, meno mazuri, akitema damu?

Léocadie alikuwa ananawa mikono, hata hakugeuka. "Iko na mimba?"

Nikasema sijui.

"Mimba inavimbisha fizi. Mwanamuke akibeba, fizi zinamusumbua. Akimaliza mwezi, zinamusumbua tena. Mwambie akuye nimuangalie. Inaweza pia kuwa uchafu tu."

Nimetembea mpaka nyumbani sioni njia. Mafuta ya mawese. Usingizi wa mchana. Uso kuvimba. Mimi niliyezaa watano, nilikuwa wapi? Nilikuwa nafurahia damu yake.

Rachida ana mimba. Damu yake ni ya mimba, damu yangu ni ya kukoma. Na nimempikia uji kwa mikono yangu, nikadhani tumelingana!

Ijumaa, 17 Mei

Sikufunga leo. Nilikunywa maji chumbani, nimefunga mlango. Zamani nilijificha kufunga, sasa najificha kunywa. Nina akili kweli mimi?

Rachida amefunga. Sijui kama anajua hali yake. Mimba mbili zilimtoka, moja mwaka juzi na nyingine mwaka jana, zote kabla tumbo halijaonekana. Tangu hapo mwezi wake hauna utaratibu, labda hajagundua. Nilifungua mdomo mara tatu nimwambie. Mara tatu nikauliza habari za chumvi, za makala, za chumvi tena.

Nina wivu. Wacha niandike hivyo hivyo.

Jumatano, 22 Mei

Mahamudu amekata shauri. Anaenda na Rachida.

Alisema baada ya swala ya magharibi, sote wawili tukiwa tumekaa. Alisema mimi nina wateja wangu wa kushona hapa, nyumba inanijua, watoto wakirudi likizo watamkuta mama yao. Maneno mazuri mazuri. Nikauliza: ni kwa sababu ya kinywa changu? Akasema kinywa gani. Akatazama chini.

Watakwenda kwa pikipiki, Jumamosi ya juma lijalo, mvua zikishapungua. Watalala Lusangi. Njia ile naijua, nimeipita. Mashimo, magogo badala ya daraja, mtu anashuka mgongo haujisikii. Léocadie hakuniambia kitu juu ya njia. Lakini kila mwanamke anajua kwamba mwenye mimba changa ambaye mbili zimeshamtoka hapandi pikipiki siku mbili.

Nikisema sasa, Rachida atabaki. Na akibaki, kiti cha pikipiki ni changu.

Nikinyamaza, labda yatatokea yale yale, kule mbali, nami mikono yangu misafi.

Nimeyaandika na kuyasoma. Nimeona aibu, na bado sijasema.

Ijumaa, 24 Mei

Léocadie amemaliza upande wa pili. Fizi zimeanza kushuka uvimbe, za juu zina rangi ya waridi, damu kidogo tu. Harufu imepungua. Nilipumua kwenye kiganja njiani, mbele za watu, kama kichaa.

Akaniuliza yule wa miaka thelathini na moja mbona hajaja. Nikasema ana kazi nyingi. Akasema kazi gani inamuzuia mutu na kinywa yake. Nikaondoka haraka.

Jioni Mahamudu akanisogelea kunionyesha kitambaa kipya, hakurudisha kichwa nyuma. Nikafikiri: sasa? Sasa ndiyo?

Alhamisi, 30 Mei

Rachida anafunga mizigo. Sufuria, mkeka, redio. Ameniomba nimshonee mapazia ya nyumba ya kule. Nimeyashona! Yana maua ya njano. Nimekaa kwenye cherehani nashona mapazia ya dirisha nitakalotamani kuchungulia.

Nilimwona ameegemea ukuta, mkono chini ya kitovu. Aliponiona akauhamisha kiunoni.

Anajua.

Jumamosi, 1 Juni

Naandika haraka. Pikipiki mbili ziko uani, dereva anakaza kamba. Wifi Binti amekuja kuaga, anaongea na kila mtu. Rachida alikataa chai.

Nilimshika mkono, nikamwambia mbele ya watu aje ajaribu nguo chumbani kwangu. Tukaingia. Nikafunga mlango. Nikasema: una mimba.

Hakukataa. Akaniuliza nani alinieleza. Nikasema fizi zako. Nikamwambia yote, mbio mbio, Léocadie, usaha, damu ile aliyofunika kwa udongo. Na kwamba mimi nimekoma, na saumu zangu za kulipa zilikuwa uongo. Nilidhani atashtuka.

"Ile najua, yaya. Hata Baba Nourdine anajua. Mwaka mzima hujafua vitambaa."

Basi. Miezi miwili ya kiu, wali wote ule! Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Lakini sikuwa na muda wa haya. Nikamwambia asiende, asikae juu ya pikipiki na mimba changa, nitamwambia Mahamudu sasa hivi. Nilikuwa nasema kwa moyo. Nadhani nilikuwa nasema kwa moyo.

Akakaa kitandani. Akasema, ukisema, nabaki miye, unaenda weye. Nikasema si kwa ajili hiyo. Akatikisa kichwa pole pole, machozi yanamtoka, sauti haikupanda hata kidogo.

"Yaya, zile mbili hazikutoka njiani. Zilitoka hapa. Ndani ya nyumba hii, kila siku niko nakula na weye, nalala karibu yako. Unaniangaliaka sana, yaya. Miye nataka kuzalia fasi ya mbali, macho yako hayafike."

Sijamfanyia kitu. Naapa sijamfanyia kitu. Nimemtazama tu. Miaka mitano nimemtazama, anavyokula, anavyocheka, anavyolala, na nilijua ninavyomtazama.

Ametoka kwenda kunawa uso nyuma ya nyumba. Ameniomba nisiseme mpaka wafike kule, yeye mwenyewe atasema. Amenishika miguu akiomba. Mimi, ananiogopa mimi! Pikipiki imewashwa. Nikisema, mtoto labda anapona, naye ataamini mpaka kufa kwamba nimemnyang'anya safari. Nami nitapanda kile kiti, sitajua ni kwa ajili ya mtoto au ya Salamabila. Nikinyamaza —

Mahamudu anaita. Mama Nourdine, Rachida iko wapi, jua inapanda. Nimemjibu: yuko nyuma, ngoja kidogo, ingia kwanza, nina neno.

Hapana. Sijajibu. Nimeandika tu.

Anaita tena.